Simu Yangu Ilikuwa ya Samawati

"Rangi?"

Fundi aliuliza bila kuinua macho. Mbele yake palikuwa na kitabu cha risiti, kile chenye karatasi ya kaboni katikati, na tayari alikuwa ameandika aina ya simu na ugonjwa wake: tundu la chaji limelegea, waya haushiki mpaka uukunje. Ilibaki rangi tu.

"Nyeusi," nikasema.

Akaichukua, akapenyeza ukucha wa kidole gumba kwenye pembe moja, akalibambua kava kama mtu anayemenya yai la kuchemsha. Akaigeuza simu. Akanitazama.

"Dada, hii si nyeusi."

Ilikuwa ya samawati. Tena ile samawati inayobadilika ukiielekeza kwenye taa: juu inang'aa kama anga la Januari, chini inaanza kuingia zambarau. Chini ya taa ya fundi ilimeremeta hadi nikaona haya. Nimeishi na simu hiyo miaka mitatu kasoro miezi michache. Kila asubuhi naishika kabla sijashika mswaki. Na rangi yake nilikuwa siijui.

Kibaya zaidi, niliichagua mwenyewe. Yote yalinirudia palepale: muuzaji alikuwa na nyeusi mkononi, akaniambia zote ni sawa, nami nikakataa, nikasubiri siku mbili aletewe ya samawati. Ilipokuja, nikanunua kava jeusi hapohapo kaunta, nikaivisha kabla sijatoka mlangoni. Nadhani niliiona kwa dakika nne.

Fundi akaandika "bluu", akachana risiti, akaniambia nirudi saa kumi.

## Plastiki juu ya plastiki

Anayeijua Luthuli anajua kwamba hukosi la kutazama ukisubiri. Barabara ile ina jina la Albert Luthuli, Mwafrika Kusini aliyetunukiwa Nobel ya Amani ya mwaka 1960, na sidhani mzee yule aliwahi kuota kwamba mjini kwetu Nairobi jina lake lingekuja kumaanisha spika, waya na makava ya simu. Tangu mwaka 2019 walipopunguza nafasi ya magari na kuwapanulia wanaotembea kwa miguu, angalau unaweza kusimama mbele ya duka bila kusukumwa na bampa la matatu.

Nikasimama mbele ya ukuta wa makava. Ukuta mzima. Yenye pete ya kuingiza kidole, yenye kamba ya kuvaa shingoni, yenye maua yaliyokaushwa na kugandishwa ndani, yenye nembo za timu za Uingereza, yenye mfuko wa kitambulisho, na yale ya mpira mnene yanayoonekana kama viatu vya mjengo. Nikayatazama kama mtu aliyetoka mazishini anavyotazama majeneza ya kuuza.

Nikarudi mapema. Fundi alikuwa ameifungua simu, anapitisha brashi yenye spiriti. Bila kuulizwa, akanionyesha vitu viwili.

Cha kwanza kilikuwa mchanga. Ndani ya kava langu, kuzunguka pembe zote nne, palikuwa na mstari wa vumbi la kijivu, lile la mkobani, la mfukoni, la Nairobi ya kiangazi. Na mgongo wa simu, mahali vumbi lilipokaa, ulikuwa umechanikachanika mistari myembamba, utadhani kitoto cha paka kimekuwa kikiishi humo. Mchanga wa kawaida umejaa madini yaleyale yanayotumiwa kutengeneza kioo, ila yakiwa bado mchangani ni magumu kuliko kioo chenyewe. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, madini hayo hupata 7. Kioo cha dirisha hakifiki 6. Plastiki usiulize. Kila nilipoitia simu mfukoni na kuitoa, kava lilikuwa likiisugua taratibu kwa msasa.

Cha pili, aligonga mgongo wa simu kwa ukucha. Tak, tak.

"Sikia. Hii si kioo. Ni plastiki."

Kwa bei niliyoinunua, waliitengeneza plastiki wakaipaka ing'ae kama kioo. Kumbe miaka yote hii nilikuwa nimeivisha plastiki plastiki, na ya nje ndiyo iliyoiumiza ya ndani.

"Kwa hivyo kava halina kazi?" nikamuuliza, nikitumaini atakubali.

"Kava ni la mbele, dada, si la nyuma." Akalilaza kava mezani, akapitisha kidole kwenye ukingo wake ulioinuka kidogo. Ukingo ule, usiozidi unene wa kucha, ndio unaofanya simu ikilala kifudifudi kioo kisiguse sakafu. Na pembe zile za mpira hufanya kile anachofanya golikipa anapoudaka mpira na kurudisha mikono kifuani: kuuchelewesha usimame. Kitu kikisimama ghafla ndipo huvunjika. Kikisimama polepole, hata kwa chembe ya sekunde, hupona.

Kioo cha mbele chenyewe si mnyonge. Hutumbukizwa kwenye chumvi iliyoyeyuka kwa moto mkali, na chembe za potasiamu huingia mahali zilipotoka chembe za sodiamu, ambazo ni ndogo. Fikiria kiti cha matatu cha watu watatu: wameshuka watoto watatu wa shule, wamepanda mama watatu wa soko na mizigo yao. Hakuna anayeweza kusogea, na ufa hauna pa kupita. Ila kubanana huko ni kwa juu tu, na mahali panapoumia upesi ni ukingoni na pembeni. Ndiyo maana simu iliyoanguka chali barazani huponea, na iliyogonga pembe kwenye ngazi ikapasuka kote.

Nililipa 800 za tundu la chaji. Kava nikalitia mkobani.

## Sabini za marehemu

Usiku ule niliilaza simu mezani kifudifudi, mgongo juu, nikaitazama. Nikajiuliza: haya yote, nilikuwa namtunzia nani?

Jibu lililokuja upesi lilikuwa: mnunuzi. Mtu nisiyemjua atakayeiona mtandaoni, aulize "ina mikwaruzo?", nimjibu "hata mmoja, imekaa kwenye kava tangu mwanzo", aipokee stejini, aifunue, na afurahie samawati yangu kama yake. Nimelea mtoto wa watu.

Jibu hilo lilinipendeza. Nilianza hata kuandika makala haya nikiwa nalo, na yangekuwa makala mafupi: vueni makava, furahieni vitu vyenu, maisha ni haya haya. Aya sita nikazimaliza.

Nikazifuta.

Nilizifuta kwa sababu nilikuwa nimeruka sehemu moja ya hadithi, na nilijua nimeiruka. Simu hii niliichukua kwa malipo ya kila siku. Amana shilingi 4,000, kisha shilingi 70 kwa siku, kwa siku 365. Piga hesabu utapata 29,550, wakati bei ya taslimu ilikuwa 18,500. Najua. Aliyekuwa na 18,500 mkononi siku ile ana ruhusa ya kunicheka. Mimi sikuwa nazo.

Mnaozijua simu hizi mnajua masharti. Usipolipa, inajifunga, inabaki na ukurasa mmoja wa kukukumbusha. Lakini sharti haliendi upande wa pili. Kioo kikipasuka siku ya 40, siku ya 41 bado unadaiwa 70. Namjua mama mboga wa mtaani kwetu aliyelipia simu iliyokufa kwa miezi saba. Kila jioni, akishahesabu mauzo ya sukuma na nyanya, anatuma sabini za marehemu.

Siku nilipoivisha simu kava kwenye kaunta ile, sikuwa mwoga wala mshamba. Nilikuwa nalilinda deni, na simu ilikuwa ndani yake tu.

Kisha deni likaisha. Ujumbe ukaingia: hongera, simu sasa ni yako. Nakumbuka nilikuwa kwenye foleni ya supamaketi. Nikausoma, nikasogea hatua moja, nikaendelea na foleni.

Ile ndiyo ingekuwa siku ya kulivua. Imepita karibu miaka miwili.

## Vitambaa

Sebule ya mama yangu, mtaa wa Umoja, ina makochi ambayo rangi yake pia siijui.

Sisemi kwa utani. Yamefunikwa vitambaa vya kufuma tangu nikiwa darasa la pili: mgongoni, mikononi, na juu ya viti shuka kubwa lenye maua. Pale ukingoni ambapo kitambaa hakifiki, kochi limefifia likawa rangi ya majivu, nami nilikua nikidhani hiyo ndiyo rangi yake. Televisheni ina kitambaa. Friji ina kitambaa. Rimoti bado iko ndani ya nailoni yake, imekazwa kwa mpira, na namba zimefutika juu ya nailoni huku ndani vitufe vikiwa vipya. Kila Januari tulikesha tukivika vitabu vya shule karatasi ya kaki. Na kuna mjomba aliyenunua gari akaendesha miaka minne viti vikiwa na plastiki ya kiwandani. Ukipanda naye mchana unashuka umelowa mgongo.

Halafu kulikuwa na vikombe. Seti ya vikombe sita, kauri nyembamba, ukingo wa dhahabu, ndani ya kabati la kioo. Kila Desemba vilitolewa, vikaoshwa, vikapanguswa, vikarudi. Sijawahi kuona mtu akivinywea. Padri alikuja, akapewa vikombe vya seti ya pili. Wakwe wa dada yangu walikuja, seti ya pili. Tulikuwa tukinong'onezana na dada yangu kwamba labda Mama anamsubiri Rais.

Tulicheka sana, na nikiwa chuoni niliwahi kumwandikia mhadhiri insha nzima kuhusu "utamaduni wa kufunika", yenye kiburi kingi na ushahidi kidogo.

Nilichokuwa sijaweka kwenye insha ni kwamba makochi yale yalitoka kwa zamu ya chama, kile cha kuchangiana pesa. Kina mama kumi na wawili, zamu moja kwa mwaka. Ukiikosea zamu yako, unasubiri hadi mwaka mwingine, na mwaka mwingine kuna karo. Vikombe vilikuwa zamu ya mwaka uliofuata. Mama hakuwa na ugonjwa wa kufunika vitu. Alikuwa na kitu kimoja kilichokuja mara moja, na alikuwa na watoto wanne wanaorukaruka.

Mimi na mia tatu zangu za kava, tofauti yetu iko wapi?

## Kioo na pesa

Kuna jambo la mwaka 2007 ambalo hunichekesha kila nikilifikiria. Machi mwaka ule M-Pesa ilizinduliwa hapa Kenya. Mwezi wa sita, huko Marekani, wakaanza kuuza iPhone ya kwanza. Ilipoonyeshwa Januari ilikuwa na skrini ya plastiki. Ilipofika dukani ilikuwa na ya kioo, kwa kuwa plastiki ilichanwa na funguo mfukoni. Ndani ya miezi minne, wao wakaipa simu ngozi ya kioo, sisi tukaitia pesa tumboni.

Hazikuwa simu zilezile, bila shaka. M-Pesa ilikulia mikononi mwa kabambe, zile simu ndogo za vitufe. Wa rika langu mnaikumbuka mulika mwizi, Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani na vitufe vilivyofunikwa kwa mpira mmoja vumbi lisiingie. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Ikianguka, betri inaelekea Thika, kifuniko kinaelekea Machakos, mwili unabaki hapo. Unaokota, unaunganisha, unampigia tena uliyekuwa ukizungumza naye. Kutawanyika kule ndiko kulikoiokoa, maana nguvu ya kuanguka iliishia kurusha vipande.

Na makava yalikuwepo! Tangu Nokia 5110 ya mwaka 1998, uliweza kulivua kava la mbele ukavalisha jingine. Lakini hakuna aliyefanya hivyo kwa hofu. Ulitoa la kijivu ukaweka jekundu ili darasa zima likuone. Kava lilikuwa la kuringia.

Simu ya kioo na simu yenye pesa zilipokutana mkononi mwa mtu mmoja, kila kitu kilibadilika. Ndiyo, pesa ziko kwenye laini, kioo kikipasuka haziendi popote. Jaribu kumwambia hivyo aliyesimama mbele ya kaunta ya nauli na skrini imeingia wino.

## Uchi mjini

Niliamua kujaribu bila kava kwa mwezi mmoja. Sikumwambia mtu, kama anayeanza mazoezi.

Wiki ya kwanza ilikuwa fungate. Simu ilikuwa nyepesi, nyembamba, baridi kidogo kiganjani. Nikiichaji haikupata joto kama zamani. Betri za lithiamu hazipendi joto, huzeeka upesi, na fundi aliniambia hata nikirudisha kava nilivue wakati wa kuchaji. Ilikuwa pia na tabia ambayo kava liliificha: ilikuwa inateleza. Naiweka kwenye mkono wa kochi, naenda jikoni, narudi naikuta zuliani. Ilisafiri yenyewe, polepole, kama kobe.

Halafu mji ukaanza kuiona.

Kazini wenzangu wawili waliniuliza nimenunua lini mpya. Kwenye chama, mmoja akaisifu rangi, na siku tatu baadaye akaniomba mkopo. Wiki hiyohiyo mwenzake naye akaniomba. Kwa miaka mitatu, nikiwa na kava lenye pembe zilizokatika, hakuna aliyewahi kudhani nina hela ya kuazima.

Nikiwa kwenye matatu, tumeukaribia Muthurwa, nimefungua dirisha nasoma ujumbe, makanga akaniinamia: "Anti, dirisha. Hiyo simu itashuka kabla yako." Gari zima likacheka. Nikafunga. Njia ileile, saa zilezile, sikuwahi kuonywa nikiwa na kava.

Nikamkumbuka rafiki yangu mmoja, mhasibu, ana simu ya bei ambayo sitaitaja hapa, nayo imevaa kava la kusikitisha kupita yote niliyowahi kuona, limegeuka njano kama meno ya mvutaji sigara. (Makava yale ya kioo-kioo hugeuka njano yenyewe kwa jua na joto, huwezi kuyaosha yakarudi.) Nilikuwa nikidhani ni mchoyo. Nilipomuuliza alinicheka: "Mwizi akiliona hili anaweza kuniongezea nauli."

Halafu kuna bosi wangu wa zamani, pale Upper Hill. Yeye hakuwahi kuivisha simu yake chochote. Aliirusha mezani mkutano ukianza, kioo juu ya kioo, sote tukishtuka. Siku moja ilianguka kwenye ngazi ikapasuka vibaya. Akaitazama, akasema neno moja, "Bima", akaendelea kushuka. Jumatatu alikuwa na nyingine.

Tangu siku hizo nimekuwa nikiwahesabu watu wasio na kava kwenye magari. Hii si takwimu, ni macho yangu tu. Naona wenye kabambe, naona wenye bima, na katikati yetu sote tumevaa raba.

Ndipo nilipoanza kujiuliza kama lile zoezi langu la mwezi mmoja lilikuwa la kuifurahia simu au la kuwaigiza wenye bima.

## Tom Mboya

Wiki ya tatu, Alhamisi asubuhi, barabara ya Tom Mboya. Nilikuwa nimeiweka simu mapajani. Mnajua kinachofuata.

Gari likasimama, makanga akapiga bodi, nikainuka. Simu ikateleza kwenye sketi, ikapita mlangoni kabla yangu, sawasawa na utabiri wa yule makanga wa Muthurwa, ikagonga ukingo wa barabara kwa pembe.

Steji nzima ikasema "Aaai!"

Ni sauti moja tu, na kila mtu mjini huu anaijua. Aliyeiokota alikuwa kijana muuza soksi. Aliniletea ikiwa imelala kifudifudi kiganjani, bila kuigeuza, kama mtu anayejua kwamba habari ya aina hii humsubiri mwenyewe. Nami nikaishika hivyohivyo kwa muda. Wakati huo mfupi, kabla hujaigeuza, bado ni nzima.

Nikaigeuza. Ufa mmoja, kutoka pembe ya chini kushoto, umepanda kimshazari hadi karibu na katikati. Nikagusa. Ikawaka.

"Inashika?" kijana akauliza.

"Inashika."

"Basi shukuru, siste. Ila ungeiwekea kava." Kisha, kwa kuwa maisha lazima yaendelee, akanionyesha soksi, jozi tatu kwa mia.

Sitaki kujidanganya, wala kuwadanganya. Kava langu la mia tatu lingeiokoa, karibu hakika. Iligonga pembe, na pembe ndiyo kazi yake. Mchana nikaenda Luthuli, fundi wangu akaitazama, akasema kioo ni 4,500 na si cha kiwandani. Hakunicheka. Akauliza tu kama anitafutie na kava kabisa.

Nikamwambia nitarudi.

Sijarudi. Mwanzoni ilikuwa ni hasira, sikutaka kutoa 4,500 kwa ajili ya kiburi cha wiki tatu. Baadaye ikawa kitu kingine ambacho bado sijakielewa vizuri. Kidole changu kimeshaujua ufa, kinaupita bila kufikiri. Naiweka simu jikoni kando ya unga nikisonga ugali. Namwachia mtoto wa dada yangu aicheze bila kumsimamia kama askari. Juzi nilijikuta naizungushazunguka mkononi nikiwa kwenye foleni ya benki, naiangalia ile samawati inavyoingia zambarau, na sikuwa na haraka ya kufika kaunta.

Mdogo wangu wa mwisho amechukua simu ya malipo ya kila siku mwezi uliopita. Kijani ya kupendeza sana. Siku hiyohiyo nilimnunulia kava, lile nene linalofanana na viatu vya mjengo, nikamwambia asilivue kwa siku 365, na kila wiki mbili alioshe kwa sabuni kutoa mchanga. Akanung'unika kwamba linaficha rangi. Nikamwambia nalijua hilo.

## Jumapili

Nilienda kwa Mama baada ya misa. Huniita "mama", kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, na watu wasiotujua hushangaa kutusikia tukiitana mama kwa mama.

Chai ikaja. Nikaishika, nikahisi wepesi usio wa kawaida, nikatazama. Ukingo wa dhahabu.

Nikageuka kuangalia kabati la kioo. Rafu ya juu ilikuwa tupu.

"Mama, tuna wageni?"

"Wageni gani?"

"Hivi vikombe."

"Ah. Mtoto wa dada yako alifungua kabati Jumanne, akavunja kimoja." Akapuliza chai yake.

"Pole."

"Pole ya nini? Vimebaki vitano. Sasa vikombe vitano nitampangia mgeni gani?" Akanywa. "Ila vinapoza chai upesi. Sikujua."

Tukanywa. Vilikuwa vinapoza chai upesi kweli. Nikaiweka simu kwenye mkono wa kochi, Mama akaiona ikianza kuondoka, akaidaka kabla haijafika ukingoni. Akapitisha kidole juu ya ufa.

"Hii nayo?"

"Ilianguka mjini."

Akaigeuza. "Na ile nyeusi uliiuza?"

"Ni hiyohiyo, Mama."

Alinitazama kidogo, akacheka kile kicheko chake cha mabegani, kisichotoa sauti. Kisha akasema simu kama hiyo huwezi kuiweka penye utelezi. Akakiinua kitambaa kilichokuwa kwenye mkono wa kochi, akakikunja mara mbili, akatengeneza kitanda kidogo, akailaza simu juu yake.

Mahali kitambaa kilipotoka, kochi lilikuwa la kijani. Kijani kibichi, kama chai ya Kericho baada ya mvua.